Sherehe ya Halloween nyumbani: mwongozo kamili kwa familia, kuanzia msimu wa matufaha

Ukingoja wiki ya mwisho ya Oktoba ndipo uanze kuandaa sherehe ya Halloween, utanunua kila kitu dukani kwa bei ya juu, na bado sebule yako itafanana na rafu ya duka lenyewe. Familia zinazofanya sherehe hii kila mwaka bila kuchoka huianza Septemba, tena bila kuiita sherehe. Wanakwenda shambani kuchuma matufaha, wanatafuta maboga, wanakusanya majani uani, na kila safari inarudi na kitu kitakachotumika siku yenyewe. Njia hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa ajili ya familia ya Waswahili iliyoko Marekani.

Naishi Columbus, Ohio, mji unaoshika nafasi ya pili baada ya Minneapolis kwa wingi wa Wasomali nchini, na wenye Wakongo, Wakenya na Watanzania wa kutosha kujaza ukumbi wa harusi. Tarehe na saa nitakazotaja ni za huku. Ukiwa Minnesota, wahisha safari za majani kwa wiki mbili hivi. Ukiwa Texas, usingoje majani mekundu. Endelea na mengine.

Kwanza, suala la dini

Usiruke hatua hii. Kwa Wakristo wengi wa kwetu, Halloween ni sikukuu ya mashetani. Kwa Waislamu wengi, ni jambo la kukaa nalo mbali. Kihistoria, 31 Oktoba ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa 1 Novemba, na desturi zake nyingi huhusishwa na Samhain, sikukuu ya Waselti ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliipeleka Amerika Kaskazini katika karne ya 19. Historia hiyo haitambadilisha mtu aliyekwisha kuamua, na si kazi yako kumbadilisha. Kazi yako ni kumwambia mgeni ukweli mapema ili aamue mwenyewe.

Weka masharti ya nyumba yako na uyataje katika mwaliko. Yetu ni haya: hakuna damu ya bandia, hakuna pembe za shetani, hakuna makaburi uani, na hakuna bunduki hata ya plastiki. Hilo la mwisho halina mjadala. Mwaka 2014 mjini Cleveland, katika jimbo hili hili, polisi walimuua Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12 aliyekuwa na bunduki ya kuchezea. Maharamia wetu wanabeba darubini ya karatasi, basi.

Kwa wazee na majirani wacha Mungu, usitume ujumbe wa kikundi. Piga simu. “Shikamoo mama. Jumamosi ile tuna sherehe ya watoto, ya maboga. Watavaa mavazi ya kuigiza, watakula, watasimuliwa hadithi, saa mbili usiku kila mtu kwake. Mambo ya mizimu hayamo. Ukiona haikupendezi, sitakwazika hata kidogo.” Atakayesema hapana, mwalike kwenye matufaha au kwenye kukusanya majani, ambako hakuna mtu mwenye neno. Wapo pia wanaokubali sherehe ya kanisani tu: makanisa mengi hupanga magari kwenye maegesho, buti wazi, na watoto wanapita gari kwa gari wakipewa pipi. Usishindane nayo. Uliza tarehe yake kabla ya kupanga yako.

Siku na saa

Fanya sherehe Jumamosi iliyo kabla ya 31 Oktoba, usiifanye usiku wa watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Ukichanganya mambo hayo mawili, chakula kitapoa mezani huku watoto wako barabarani. Huku Ohio kila mji hutangaza siku na saa zake za mzunguko, mara nyingi saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na siku hiyo si lazima iwe tarehe 31. Angalia tovuti ya mji wako mwanzoni mwa Oktoba.

Saa za sherehe zipangwe kwa kufuata jua. Tangu 2007, Marekani hairudishi saa nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba jua la Columbus huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasorobo jioni. Anza saa 10 jioni, maliza saa 2 usiku. Hapo unapata saa mbili na nusu za mwanga kwa michezo ya nje na chakula, na saa moja na kidogo ya giza kwa taa za maboga na hadithi. Ukianza saa 12, watoto wadogo watakuwa wamechoka taa zikiwashwa. Ukimaliza saa 11, hakuna aliyeona boga likiwaka, na boga linalowaka ndilo sababu ya kualikana.

Peleka mialiko wiki nne kabla. Andika saa kwa namna zote mbili, “4:00 PM” na “saa 10 jioni”, maana katika orodha moja una mwalimu wa mtoto na una shangazi wa Mwanza. Kisha ongeza mstari kwa ajili yetu sisi tunaojuana: chakula kitatoka saa 11 na nusu. Wamarekani watafika saa 10 na dakika tano. Wetu watafika chakula kikinukia, na sherehe itakuwa imeshachangamka.

Mambo mengine matatu yasikose katika mwaliko. La kwanza, kama mzazi anabaki au anamwacha mtoto. Wamarekani wengi huacha mtoto mlangoni na kuondoka, hivyo andika wazi kwamba mwenye mtoto chini ya miaka saba abaki. La pili, mzio wa chakula, hasa karanga, maziwa na mayai. La tatu, mtoto avae joto. Nitaeleza kwa nini.

Septemba: matufaha na maboksi

Mashamba ya matufaha yanayoruhusu watu kuchuma wenyewe hufunguka tangu mwisho wa Agosti. Nenda katikati ya Septemba, siku ya kawaida ukiweza, kwa kuwa Jumamosi foleni ya magari ni ndefu. Tufaha lililoiva halivutwi: liinue kuelekea juu na ulizungushe kidogo, litaachia lenyewe na kikonyo chake. Ukilivuta, unavunja tawi dogo ambalo lingezaa mwakani, na mwenye shamba anakuona.

Kwa kula mbichi, Honeycrisp, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, haina mpinzani kwa kuvunjika mdomoni, ingawa bei yake inauma. Kwa kupika na kuhifadhi, ulizia Melrose, tufaha la Ohio lenyewe, lililotolewa Wooster mwaka 1944. Huiva Oktoba na hukaa miezi kwenye baridi. Weka matufaha kwenye friji ndani ya mfuko wenye matundu, mbali na karoti, kwani gesi yanayotoa hufanya karoti ziwe chungu.

Mashamba hayo huuza pia maji ya matufaha yaliyokamuliwa, ya rangi ya kahawia. Soma kibandiko: chukua yaliyochemshwa kuua vijidudu. Yasiyochemshwa yamewahi kuua watu kwa bakteria wa E. koli, na sherehe yako itakuwa na watoto na pengine mjamzito.

Mavazi nayo yaanze mwezi huu. Ya dukani huwa membamba, hushika moto haraka, na huchanika kabla ya saa 1 usiku. Maboksi, kitenge na gundi vinatosha. Vazi ambalo huku kwetu halijawahi kushindwa ni daladala: boksi la mashine ya kufulia lisilo na juu wala chini, mikanda miwili ya kitambaa mabegani, sahani za karatasi kuwa taa na magurudumu, ubao wa njia mbele umeandikwa “Mwenge–Posta”, na mstari wa maandishi nyuma ambao mtoto mwenyewe ameuchagua. Ndugu yake anakuwa konda, noti za bandia kati ya vidole, sauti juu. Wamarekani hawatajua ni nini, lakini watacheka. Watanzania watalia kwa kicheko. Mengine rahisi ni haya matatu: sungura na fisi, dereva wa bodaboda, na twiga mwenye shingo ya bomba la karatasi.

Lijaribu vazi juu ya sweta. Usiku wa mwisho wa Oktoba hapa hushuka hadi nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na mtoto aliyevaa kipepeo atamaliza jioni ndani ya koti, kipepeo hakionekani. Pindo lisifike chini ya kifundo cha mguu. Badala ya barakoa inayoziba macho tumia rangi za uso, na zijaribu siku moja kabla sehemu ndogo ya mkono kuona kama ngozi inawasha.

Oktoba: maboga na majani

Wiki ya pili au ya tatu ya Oktoba ni ya maboga. Kama uko jirani na Columbus, fika Circleville, mji mdogo kusini mwetu unaofanya maonyesho ya maboga tangu 1903, Jumatano hadi Jumamosi katika wiki ya tatu ya mwezi. Hata tangi lao la maji limepakwa rangi ya boga. Wakulima huleta maboga makubwa ya kupimwa mizani, mengine yanahitaji mashine kuyainua. Ya kununua ni afadhali uyapate mashambani njiani kurudi.

Nunua aina mbili na usizichanganye. Boga la kuchonga, kama Howden, ni kubwa, lina ukuta mgumu na nyama nyepesi yenye nyuzi na maji mengi, ukilipika utajuta. La kula ni dogo, zito kwa umbo lake, huuzwa kwa jina la boga la sukari. Linalofanana zaidi na boga la nyumbani ni kabocha, la kijani lenye asili ya Japani: kavu, tamu, linashika tui. Hupatikana katika maduka ya Waasia.

Kagua hivi. Kikonyo kiwe kigumu na cha kijani. Bonyeza chini na kuzunguka kikonyo, pakibonyea, liache. Liweke chini uone kama linakaa bila kuyumba. Usilibebe kwa kikonyo, kinakatika, na boga lenye jeraha huoza haraka. Nyumbani liweke kwenye kibaraza penye kivuli, juu ya kadibodi, lisiguse saruji yenye unyevu. Usiku ukitabiriwa barafu, liingize ndani.

Majani yatakuwa yamefikia kilele wakati huo huo. Vilima vya Hocking, kusini-mashariki mwa Columbus, vinatosha kwa safari ya siku moja. Watoto watauliza kwa nini yanageuka, kwa hiyo jiandae: siku zikifupika na usiku ukipoa, jani huacha kutengeneza kijani chake, na manjano iliyokuwamo tangu mwanzo inaonekana. Wekundu wa miti ya maple ni tofauti, hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Okoteni majani mazima, muyaweke kati ya karatasi mbili za nta, mfunike kwa kitambaa na mpige pasi ya moto mdogo. Hayo ndiyo mapambo ya meza. Mengine ya kuongeza ni mabua ya mahindi mlangoni na kanga mbili tatu kama vitambaa vya meza. Zaidi ya hapo unajichosha.

Watoto wataokota pia mbegu za buckeye, mti wa jimbo hili, za kahawia zinazong’aa kama jicho la paa. Wachezee bao, sawa. Zisiliwe: ni sumu.

Majani ya uani yakusanywe siku mbili kabla ya sherehe, yawe lundo la kurukia. Ukaguzi wa lundo ni wa mtu mzima: miiba, vyuma, vinyesi vya mbwa. Kama utawasha moto wa nje, lundo liwe upande mwingine kabisa wa uwanja na moto uwe angalau mita nane kutoka nyumbani.

Kuchonga boga

Chonga Alhamisi kwa ajili ya Jumamosi. Boga lililochongwa hudumu siku tatu hadi wiki, na joto likizidi huanza kuota ukungu siku ya pili. Yale ya usiku wa mzunguko yachongwe baadaye.

Tandika magazeti sakafuni, mezani hapatoshi. Toboa boga chini, usitoboe juu. Watu wengi hukata kifuniko kuzunguka kikonyo kwa sababu ndivyo picha zinavyoonyesha. Kifuniko hicho hunyauka kikadumbukia ndani. Likikatwa chini, kikonyo kinabaki kizima, maji yanachuruzika, na unaliketisha juu ya taa badala ya kuingiza mkono kuitafuta. Kata duara la upana wa kiganja.

Toa mbegu kwa mkono na uziweke bakulini, hazitupwi. Kisha kwangua ndani kwa kijiko kigumu cha chuma, kile cha aiskrimu ni kizuri, hasa upande utakaochongwa, mpaka ukuta ubaki unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Hapa ndipo wengi huchoka na kuacha. Usiache: ukuta mnene haupitishi mwanga, na kisu kinakwama.

Chora sura kwenye karatasi, ibandike, toboa mistari kwa pini, ondoa karatasi. Kata kwa msumeno mdogo wa kuchongea maboga, si kwa kisu cha jikoni. Kisu kirefu kikikwama kwenye ganda na ukakivuta kwa nguvu, kinatoka na kidole. Anza na vipande vidogo vya katikati, macho na pua, umalizie mdomo, kwa kuwa kila kipande kikubwa kinapunguza nguvu ya ukuta. Sukuma vipande kwa ndani kutoka nje au kinyume chake, usivichokonoe.

Watoto chini ya miaka minane wachore na kukwangua, kisu wasiguse. Na kama sura za kutisha hazikubaliki kwako, tumia drili yenye ncha za milimita 6 na 10, utoboe nakshi ya kanga: pindo la nukta kuzunguka, korosho katikati. Usiku linatoa mwanga wa madoadoa ukutani. Boga la mdomo wa meno matatu watu hulipita tu. Mbele ya hili la nakshi wanasimama.

Ukimaliza, lioshe kwa maji lita 4 yaliyotiwa kijiko kimoja cha chakula cha jiki, lianike likauke, upake mafuta mazito ya mgando kwenye kingo zilizokatwa. Boga lililooshwa hivyo haliliwi. Kindi watalitamani hata hivyo. Lichongwe, likae ndani hadi jioni.

Ndani weka taa ya betri. Mshumaa wa moto ni mzuri zaidi kwa macho, sikatai, lakini watoto wenye pindo za kitambaa watapita hapo mara hamsini.

Jikoni

Mbegu zioshwe, zikaushwe kwa kitambaa, zitiwe mafuta kijiko kimoja, chumvi na bizari kidogo, zisambazwe kwenye trei na kuokwa kwa nyuzi 160 za Selsiasi, yaani 325 za Fahrenheit, dakika 25 hadi 30, ukizigeuza mara mbili. Ziko tayari zikilia kavu.

Boga la nazi ndilo litakalowafanya watu waulize. Kwa watu kumi na wawili: kabocha kilo moja na nusu, limenywe na kukatwa vipande vya kidole kimoja na nusu. Liweke katika sufuria pana, si ya kina, kwa nusu kopo la tui lililoongezwa maji kikombe kimoja, chumvi kidogo na iliki sita zilizopondwa. Funika, moto wa wastani, dakika 15 mpaka uma uingie. Ongeza sukari gramu 100 na tui zito kopo moja la mililita 400, liache wazi lichemke taratibu dakika kumi. Usikoroge, tikisa sufuria; ukikoroga unapata uji. Mwaka ambao wageni Wamarekani ni wengi, punguza iliki, uongeze mdalasini, wataona wanakijua.

Mahamri ni ya lazima kwa sababu ya mchezo nitakaoueleza. Unga gramu 500, sukari gramu 90, hamira vijiko viwili vya chai, iliki kijiko cha chai, tui la uvuguvugu mililita 270 hivi, ukilitia kidogo kidogo. Kanda dakika kumi, acha uumuke saa moja, sukuma, kata, acha tena dakika 20, kaanga. Unapata kama 24. Kanda mara mbili ya hapo. Yatakayotungwa kwenye uzi yakatwe duara na kutobolewa katikati kabla ya kukaangwa.

Vingine: sambusa za nyama na za mboga kwenye trei tofauti zenye alama, viazi vya karai, mishikaki kama kuna mtu wa kukaa nje na jiko, na sufuria kubwa ya chai ya maziwa na tangawizi kwa watu wazima. Maji ya matufaha yapashwe na vijiti vya mdalasini. Kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Toa kidogo, rudia.

Matufaha yaliyochovywa kwenye sukari iliyoungua au karameli ni ya jadi hapa. Ukitengeneza, fanya siku ile ile na uyaweke kwenye friji. Mwishoni mwa 2014 matufaha ya karameli yaliambukiza watu ugonjwa wa listeria, na watafiti walionyesha kuwa kijiti kinapotoboa tufaha, maji yake hutoka na kukaa chini ya karameli, vijidudu vikazaliana kwenye joto la kawaida.

Sasa pipi. Pipi laini za kutafuna na zile za manjano, chungwa na nyeupe zinazojaa madukani msimu huu kwa kawaida zina jelatini, mara nyingi ya nguruwe. Kama una wageni Waislamu, soma kila mfuko au nunua zenye alama ya halali. Tenga bakuli la vitu visivyo na karanga. Watoto chini ya miaka minne wasipewe pipi ngumu, bisi wala zabibu nzima, kwani hukaba. Na weka kikapu cha visivyoliwa, kama penseli, vibandiko na mipira midogo. Boga lililopakwa rangi ya bluu-kijani mbele ya nyumba ni ishara ya hicho kikapu. FARE, shirika linaloshughulikia mzio wa chakula, lilieneza desturi hiyo nchi nzima mwaka 2014, na mzazi wa mtoto mwenye mzio ataitambua akiwa barabarani.

Michezo, na giza

Funga kamba kati ya miti miwili, tundika mahamri yenye tundu kwa nyuzi, kila moja usawa wa kidevu cha mtoto. Mikono nyuma, anayemaliza kwanza kashinda. Wamarekani hufanya hivi kwa donati. Mahamri hayana sukari ya kunata usoni. Mchezo wa kuzamisha kichwa ndani ya beseni kung’ata tufaha linaloelea uache: mate ya watoto ishirini kwenye maji mamoja si jambo la kufikiria mara mbili. Tundika matufaha pia.

Sanduku la zimwi: boksi lenye tundu la mkono, ndani tambi zilizochemshwa, mbegu mbichi za boga, au pamba yenye maji. Mtoto anaingiza mkono na kukisia ni kiungo gani cha zimwi. Kombolela ichezwe mara jua linapozama, kila mtoto na kijiti cha mwanga shingoni, mipaka ya uwanja imetajwa.

Saa 1 usiku zima taa zote za nyumba, washeni maboga pamoja. Kisha hadithi. Chagua msimulizi mmoja anayejua kubadili sauti, na umwombe kabla ya siku hiyo, usimshtukize. “Paukwa!” “Pakawa!” Watoto waliozaliwa hapa watajifunza jibu mara moja. Zimwi aliyemmeza msichana au kumweka ndani ya ngoma anatisha vya kutosha, na mwisho wake ni mzuri. Hadithi moja ya dakika kumi, na nyingine mbili za dakika tano tano, zinatosha. Baada ya hapo wadogo wanataka mama.

Zawadi mlangoni zisitolewe bure. Huko Scotland na Ireland watoto walitakiwa kuimba au kughani kitu kabla ya kupewa, na St. Louis hadi leo mtoto hutoa kichekesho. Kwetu anatega au anategua kitendawili. Nyumba yangu haina mlango? Yai. Kuku wangu katagia mibani? Nanasi. Wamarekani watafsirie, na wape nafasi tatu.

Usiku wa mzunguko

Nyumba yenye taa ya kibaraza imewaka inapokea watoto, iliyozima, mpite. Nendeni kikundi kimoja na mtu mzima, tochi mkononi, utepe unaong’aa mgongoni na kwenye mfuko. Vukeni kwenye kona, si kati ya magari yaliyoegeshwa. Hatari ya kweli ya usiku huu ni gari: utafiti wa madaktari wa Canada uliochapishwa 2018, uliotumia takwimu za Marekani za 1975 hadi 2016, uliona vifo vya watembea kwa miguu jioni ya Halloween viko juu kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida za jirani.

Ile ya pipi zenye sumu inayozunguka WhatsApp kila Oktoba ni hofu kuliko tukio. Mwanasosholojia Joel Best ameifuatilia kwa miaka mingi na hakupata kifo kilichothibitishwa cha mtoto aliyepewa sumu na mtu asiyemjua katika mzunguko huu. Kesi inayotajwa sana, ya Texas mwaka 1974, muuaji alikuwa baba mzazi wa mtoto. Hata hivyo kagua mfuko mezani: zilizofunguka, tupa, zenye karanga au jelatini, tenga. Kisha mtoto achague kumi, zingine ziende kabatini.

Siku zinazofuata

Maboga yaliyochongwa yasitupwe msituni. Toa nta na taa, yavunje, yaingie kwenye mboji au kituo cha kukusanyia maboga kama mji wako unacho. Wenye nguruwe na kuku nao hupokea, mradi hayajapakwa rangi wala jiki. Yasiyochongwa wala kuguswa na barafu yatafaa jikoni hadi sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba.

Kuanzia 1 Novemba maduka hushusha bei ya pipi, taa na misumeno ya kuchongea hadi nusu. Nunua taa na misumeno ya mwakani siku hiyo, usinunue pipi. Taa za betri zitolewe betri kabla ya kuingia kwenye boksi, maana betri zikivuja kwa miezi kumi na moja, utanunua taa upya.